Doa lisile faida yako: Namna ya kusafisha fenicha za vinia bila kuzichubua

LORI limefika. Turubai linafunguliwa, meza inashushwa, blanketi linavuliwa, na katikati ya uso unaong'aa kuna duara jeupe la ukubwa wa kitako cha kikombe. Pengine utingo aliweka birika la chai juu ya meza foleni ya mpakani ilipokuwa ndefu. Pengine mvua ilipenya kwenye tundu la turubai. Vyovyote vile, mteja wa Kigali, Bujumbura au Kampala anayeisubiri meza hiyo hatauliza historia yake. Ataligusa doa kwa kidole, atatikisa kichwa, kisha ataanza kushusha bei.

Kila anayevusha fenicha mpakani anaijua hali hiyo. Iwe mzigo umetoka Keko jijini Dar es Salaam, barabara ya Ngong jijini Nairobi, Nsambya jijini Kampala au Gakinjiro ya Gisozi jijini Kigali, safari ni ndefu na vumbi, joto na maji havichagui. Kwa fenicha za mbao tupu, fundi anaweza kupiga msasa na kuanza upya. Kwa fenicha za vinia, msasa huohuo ndio unaogeuza kasoro ndogo kuwa hasara kamili.

Tupige hesabu ya mfano kwa shilingi za Tanzania. Umenunua meza kwa 300,000 na kuisafirisha kwa 60,000, ukitarajia kuiuza kwa 480,000. Faida yako ni 120,000. Kwa sababu ya duara jeupe, mteja anatoa 400,000. Bado una 40,000 mkononi. Lakini kama ulikimbilia msasa ukaitoboa vinia, na fundi akataka 150,000 kubandika uso mpya, gharama zako zimefika 510,000. Hata mteja akilipa bei ya mwanzo, umepoteza 30,000. Doa lilikula sehemu ya faida. Haraka yako imekula faida yote na kugusa mtaji.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua doa la aina gani liko mbele yako, lipi unaweza kulitoa mwenyewe, lipi umwachie fundi, na lipi ni afadhali uliache kama lilivyo.

Ngozi yenye unene wa karatasi tano

Vinia ni ngozi nyembamba ya mbao halisi, kwa mfano mkangazi, msaji, sapele au mwaloni, iliyobandikwa kwa gundi juu ya ubao wa bei nafuu kama plaiwudi, chipubodi au MDF. Si dalili ya fenicha mbovu. Mafundi wa Misri ya kale walikwisha kubandika vinia kwenye samani za wakubwa wao, na hadi leo fenicha nyingi za gharama duniani hutengenezwa hivyo.

Udhaifu wake uko kwenye unene. Vinia ya fenicha za siku hizi huwa na nusu milimita hivi, sawa na karatasi tano za daftari zilizopangwa pamoja. Ile iliyo juu ya plaiwudi ya bei ya chini huwa nyembamba zaidi. Fenicha za zamani sana zinaweza kuwa na vinia ya milimita moja au zaidi, kwa sababu ilikatwa kwa msumeno. Mashine ya kupigia msasa inaweza kuimaliza nusu milimita kwa sekunde chache, na chini yake hakuna mbao nzuri ya kuokoa, ila gundi na unga wa mbao ulioshindiliwa.

Juu ya vinia hupakwa tabaka la kinga, ambalo katika makala haya tutaliita vanishi, liwe laka, shelaki au poliyurethani. Tabaka hilo ni jembamba kuliko vinia yenyewe. Kazi yote ya kutoa madoa hufanyika ndani ya kina hicho kidogo.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba unachokitazama ni vinia kweli. Angalia ukingo wa meza. Kwenye mbao tupu, mistari ya nyuzi inayoonekana juu huendelea hadi kwenye ukingo. Kwenye vinia, ukingo huwa na utepe uliobandikwa na mistari yake haiungani na ya juu. Kisha tazama uso wote. Ukiona fundo au mchoro uleule unajirudia mahali pengine bila tofauti yoyote, hiyo ni karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Karatasi isafishwe kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo tu. Pasi, spiriti, asidi na visuguzi tutakavyovitaja hapa chini haviifai.

Doa limekaa ghorofa ya ngapi?

Fikiria uso wa meza ya vinia kama nyumba ya ghorofa tatu. Doa la ghorofa ya juu limekaa juu ya vanishi: mafuta, nta ya mshumaa, gundi ya utepe wa kufungia, vumbi lililoganda. Ukipitisha ncha ya kidole utahisi kitu kimeinuka au kinanata.

Doa la ghorofa ya kati limo ndani ya vanishi yenyewe. Hili ndilo duara jeupe au wingu jeupe. Unyevu umeingia kwenye vanishi na kunaswa humo, mara nyingi ukisukumwa na joto la sufuria au kikombe, na ndiyo maana pameonekana kama ukungu. Ukipapasa, pako laini kama sehemu nyingine. Mbao iliyo chini haijaguswa.

Doa la ghorofa ya chini limefika kwenye mbao. Hili huwa jeusi au la bluu iliyokolea. Maji yamepenya vanishi, yakakutana na tanini, ile dawa ya asili iliyomo ndani ya mbao, na chembechembe za chuma kutoka kwenye kopo, mtungi wa maua au msumari. Chuma na tanini vikikutana penye unyevu hutoa weusi unaofanana na wino. Mwaloni hushika weusi huu upesi, na sapele, mti wa misitu ya Kongo na Uganda, nao hushika ukilowa karibu na chuma.

Kujua ghorofa ni nusu ya kazi. Anayesugua doa jeusi kwa dawa ya meno anachosha vanishi bure, maana doa liko chini yake. Na anayepaka asidi kwenye duara jeupe anaumiza mbao iliyokuwa salama.

Jaribu pasipoonekana

Dawa inayofaa vanishi moja huharibu nyingine, kwa hiyo ijue vanishi yako kwanza. Chagua sehemu iliyofichika, kama nyuma ya mguu au chini ya ukingo. Gusisha pamba yenye tone la spiriti wanayotumia mafundi kuchanganyia polishi, usubiri dakika moja. Uso ukilainika na kunata, hiyo ni shelaki, inayopatikana zaidi kwenye fenicha za zamani. Usipobadilika, gusisha tone la thina ya laka mahali pengine. Ukilainika, ni laka. Ukigoma kwa vyote viwili, yaelekea ni poliyurethani au vanishi nyingine ngumu ya aina hiyo.

Jaribio jingine ni tone la maji. Likisimama kama shanga, vanishi iko hai. Likinywewa na mbao mara moja, vanishi imekwisha au fenicha ilipakwa mafuta na nta tu. Hapo usitumie maji kabisa, kwa sababu yatafika kwenye gundi.

Kila dawa utakayoitumia baadaye ianzie hapo pasipoonekana. Subiri ikauke, uangalie rangi na mng'ao, ndipo uende kwenye doa.

Madoa ya juu: anza na dawa dhaifu

Kanuni ya mafundi wazuri ni kuanza na dawa dhaifu kuliko zote na kupanda ngazi polepole. Ngazi ya kwanza ni tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye maji ya uvuguvugu. Chovya kitambaa laini cha pamba, kikamue mpaka kisidondoke hata tone, futa kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kausha papo hapo kwa kitambaa kingine. Maji yasikae juu ya vinia hata kwa muda wa kupokea simu.

Gundi ya utepe wa kufungia mizigo ndiyo adui mkubwa wa fenicha za safari. Usiikwangue kwa kisu. Paka mafuta kidogo ya kupikia, acha dakika kumi, kisha sugua taratibu kwa kidole ndani ya kitambaa mpaka ivingirike na kutoka. Isipotoka, tumia tapentaini au mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa, mbali na moto, halafu ufute mabaki kwa kitambaa cha sabuni na kukausha.

Nta ya mshumaa igandishwe kwa barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, kisha iinuliwe kwa ukingo wa kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Ukitumia kisu, vanishi nayo itainuka pamoja na nta.

Wino wa kalamu unahitaji uangalifu zaidi. Spiriti huuyeyusha, lakini huyeyusha shelaki na inaweza kuharibu laka. Kama jaribio lako lilionyesha vanishi ngumu, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, gusa wino na uinue, ukianzia pembeni kuelekea katikati, na ubadilishe kijiti kila kinapochafuka. Usisugue, la sivyo utautandaza. Kama ni shelaki au laka, mpe fundi.

Duara jeupe: subira kwanza, joto baadaye

Habari njema ni kwamba doa linalotisha wateja wengi ndilo linalotoka kwa urahisi, ukiwa na subira.

Hatua ya kwanza ni kutofanya kitu. Vua nailoni zote, weka meza mahali pakavu penye hewa, mbali na jua kali, uiache siku moja au mbili. Doa changa linaweza kufifia lenyewe unyevu unapotoka.

Hatua ya pili ni mafuta ya mgando yale ya kujipaka. Yapake juu ya doa usiku, uyafute asubuhi kwa kitambaa kikavu. Mafuta hujipenyeza kwenye vanishi na kuondoa ule ukungu. Unaweza kurudia usiku wa pili.

Hatua ya tatu ni joto dogo. Tumia mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye kiwango cha chini, uitembeze juu ya doa bila kuisimamisha mahali pamoja. Kila baada ya muda mfupi weka kiganja chako pale. Kama huwezi kukiacha kwa raha, joto limezidi. Wanaotumia pasi wahakikishe haina maji ndani, iko kwenye kiwango cha chini kabisa, na kuna kitambaa kikavu cha pamba kilichokunjwa kati yake na meza. Igusishe sekunde mbili au tatu, inua, tazama, rudia. Kwenye mbao tupu makosa ya joto huishia kwenye vanishi. Kwenye vinia, joto likizidi hulainisha gundi na ngozi nzima ikainuka.

Hatua ya nne, ikiwa ukungu mwembamba umebaki, ni kisuguzi laini. Dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli, hufanya kazi hii. Vivyo hivyo majivu yaliyochekechwa sana na kuchanganywa na mafuta ya kupikia mpaka yawe uji mzito. Weka kidogo kwenye kitambaa, sugua kwa kufuata nyuzi, ufute na kutazama kila baada ya misuguo kumi. Unapunguza vanishi kidogo kidogo, kwa hiyo simama mara tu doa linapopotea. Mwishowe paka nta ya fenicha uso wote wa meza, kwa sababu sehemu uliyoisugua itakuwa na mng'ao tofauti na nyingine.

Kama baada ya hatua hizi nne doa bado lipo, usiongeze nguvu. Mpe fundi wa polishi anayejua kupulizia laka upya juu ya meza nzima.

Doa jeusi: kazi ya fundi na glavu

Weusi uliofika kwenye mbao hautoki bila kuondoa vanishi iliyo juu yake. Hii ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, lakini mfanyabiashara anapaswa kuielewa ili asidanganywe na anayetaka kuimaliza kwa msasa.

Dawa yake ni asidi ya oksaliki, unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya kemikali na baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Asidi hiyo hushika chuma kilicholeta weusi na kukifanya kiyeyuke kwenye maji, huku rangi ya asili ya mbao ikibaki kwa kiasi kikubwa. Vanishi huondolewa kwanza kwa dawa ya kutolea vanishi, bila mashine ya msasa. Unga unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya chombo cha plastiki au kioo, kamwe si cha chuma. Dawa hupakwa kwa brashi juu ya uso wote wa meza, kwa sababu ukipaka doa peke yake utabaki na baka jeupe mahali palipokuwa na baka jeusi.

Baada ya dakika kumi hadi ishirini, uso hufutwa mara kadhaa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji safi na kukamuliwa vizuri, kisha mara moja kwa maji yenye soda ya kuokea keki ili kuua asidi iliyobaki, na mara ya mwisho kwa maji safi. Maji yasimwagwe, kwani chipubodi na MDF zikinywa maji huvimba na hazirudi kama zilivyokuwa. Meza iachwe ikauke siku nzima au zaidi kabla ya kupakwa vanishi mpya.

Asidi hii ni sumu. Glavu, miwani na barakoa ni lazima, watoto wakae mbali, na uso usipigwe msasa kabla ya kufutwa vizuri, kwa sababu vumbi lake huwasha pua na koo. Ukisikia fundi anasema ataichanganya na jiki ili ifanye kazi haraka, chukua meza yako uondoke. Jiki ikikutana na asidi, ikiwemo siki au ndimu, hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa.

Vinia ikivimba

Wakati mwingine kinachoonekana kama doa ni uvimbe: vinia imeachana na gundi. Gonga kwa kucha. Palipo salama pana sauti ya kushiba, palipoachia pana sauti tupu kama kopo.

Usikate wala usivunje sehemu iliyoinuka. Fundi hupasua uvimbe kwa wembe kwa kufuata nyuzi ili mpasuko usionekane, akaingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, akaibonyeza, akafuta gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye unyevu, akaweka nailoni na ubao bapa juu yake, kisha akabana kwa jiriwa au mzigo mzito mpaka kesho yake. Kazi hii ni ndogo ikifanywa mapema. Vumbi likishaingia kwenye tundu, au kipande kikivunjika na kupotea, bei yake hupanda. Hapo wahenga wanakumbukwa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo manne ya kukataa

La kwanza ni msasa juu ya doa. Hata ule laini hula vanishi na kuifikia vinia kwenye kingo kabla hujatambua.

La pili ni petroli na thina kama dawa za kufutia. Thina huyeyusha laka mara moja, na petroli inaweza kuwaka kwa cheche ndogo. Mafuta ya kitani yanayotumika kung'arishia mbao nayo yana hatari isiyojulikana kwa wengi: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kabla ya kuvitupa.

La tatu ni jiki juu ya mbao. Hutoa rangi ya fenicha pamoja na doa.

La nne ni polishi za kupuliza zenye silikoni zinazotumika kuficha madoa kabla ya kuuza. Silikoni ikijipenyeza, laka mpya haishiki vizuri na huacha vitundu vidogo kama macho ya samaki. Mteja wako atakapomwita fundi baada ya miaka miwili, fundi huyo ndiye atakayemweleza ulichokifanya.

Kinga ianze kwenye lori

Madoa mengi ya fenicha za biashara hayatokani na matumizi ya nyumbani. Yanatokana na ufungaji mbaya. Nailoni ikigusa vanishi moja kwa moja kwa siku kadhaa chini ya jua, hufungia jasho ndani na huweza kuacha alama za mikunjo yake. Anza na shuka kuukuu la pamba au blanketi, ndipo nailoni ije juu. Utepe ushike nailoni, usiguse mbao. Vyakula, birika na madumu visiwekwe juu ya fenicha hata kwa nusu saa. Spiriti, thina na asidi visisafiri ndani ya mzigo mmoja na fenicha.

Funga pia ukijua kwamba maofisa wa Rusumo, Namanga, Malaba, Mutukula au Kabanga wanaweza kutaka kuona kilichomo. Tumia kamba au mikanda inayofunguka, ili mtu asilazimike kuchana nailoni kwa kisu juu ya uso wa meza. Wengi wamepokea fenicha isiyo na doa lakini yenye mchirizi mrefu wa wembe.

Mzigo ukifika, uache upumzike. Meza iliyotoka kwenye hewa yenye unyevu ya pwani na kupanda hadi Kigali, mji ulio kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, inahitaji siku chache kuzoea hewa mpya. Mbao huvimba na kusinyaa, na kusafisha au kubana vinia kabla haijatulia ni kufanya kazi mara mbili.

Doa kama hoja ya bei

Maarifa haya yana faida kubwa zaidi siku ya kununua. Chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Julai 2022 fenicha zinazotoka nje ya Jumuiya zimo kwenye kundi linalotozwa asilimia 35, kwa hiyo fenicha nzuri iliyokwishaingia, hata iliyotumika, ina thamani ya kuokolewa. Muuzaji akikuonyesha kabati lenye madoa meupe na kukata tamaa, hiyo ni nafasi yako, kwa sababu unajua kwamba doa hilo pengine linahitaji usiku mmoja na kopo la mafuta ya mgando. Doa jeusi hesabu kwanza gharama ya fundi, vanishi mpya na siku za kusubiri, kisha uziondoe kwenye bei. Ukiona ukingo wa chipubodi umevimba kama mkate uliolowa, au karatasi inayojifanya vinia imebambuka, achana nayo hata ikiwa ya kutupwa.

Wakati wa kuuza, mambo yageuke. Ukimwambia mteja kwamba meza ilikuwa na doa, na kwamba fundi aliondoa vanishi na kupaka mpya, utapunguza shilingi chache leo. Ukinyamaza na yeye akagundua akiwa nyumbani, atakuwa upande wa pili wa mpaka, nawe hutakuwepo kujieleza. Biashara yetu hutegemea simu na neno: mtu wa Goma anamtumia pesa mtu wa Kampala ambaye hajamwona mwaka mzima, akiamini kwamba kinachokuja ndicho walichokubaliana. Piga picha ya doa kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha, uzitume zote mbili kabla mzigo haujapakiwa.

Na lipo doa ambalo ni busara kuliacha. Alama ndogo kwenye meza ya miaka arobaini, iliyoingia ndani na isiyokua, haimkeri kila mnunuzi. Wengine huitafuta hasa, kama ushahidi kwamba fenicha ni ya kale kweli. Kabla ya kufungua kopo la dawa yoyote, mwulize mteja kwanza: hili linakusumbua? Akisema hapana, funga blanketi, pakia lori, safari iendelee.